Wabunge Wakatae Uteuzi wa Kisiasa Kwenye Mabaraza ya Vyuo Vikuu: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Mombasa

Tangu tuanze kupitisha karatasi za sahihi Tudor, Majengo, Kisauni na ng'ambo ya Likoni, watu wametuuliza maswali mengi, na baadhi yake yametulazimu kukaa kitako tufikiri kabla ya kujibu. Tumeyakusanya hapa. Sisi ni wazazi, wahadhiri na watu tuliosomea vyuo vya Pwani. Hakuna chama cha siasa kilichotutuma, wala hatumpigii debe au kumpinga mtu yeyote kwa jina.

Kwa ufupi, mnawaomba wabunge nini?

Mambo mawili. La kwanza, wairekebishe Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ili kila anayependekezwa kuwa mwenyekiti au mjumbe wa baraza la chuo kikuu cha umma apelekwe Bungeni, apigwe msasa hadharani, na Bunge liwe na nguvu ya kumkataa. La pili, wasikae kimya wakingoja sheria ibadilike. Kila nafasi inapojazwa, Kamati ya Elimu imwite Waziri aeleze wateule wake aliwapataje. Ikidhihirika kwamba mtu amepewa kiti kama shukrani ya kampeni, wabunge waseme wazi, waandike kwenye ripoti na walete hoja Bungeni.

Baraza la chuo lina kazi gani? Mimi namjua Makamu wa Chansela tu.

Wengi wetu tunamjua huyo kwa sababu ndiye anayeonekana siku ya mahafali. Lakini Makamu wa Chansela, anayekiendesha chuo kila siku, ana wakubwa wake, na wakubwa hao ndio baraza. Baraza ndilo linaloajiri wafanyakazi wa chuo, linaloidhinisha bajeti na kanuni za chuo, na linaloshika mali ya chuo ikiwemo ardhi.

Hebu fikiria kikao chenyewe. Watu tisa wamezunguka meza, kila mmoja na kabrasha lake. Ukurasa mmoja una orodha ya madeni: mchango wa pensheni wa wahadhiri ambao umekatwa kwenye mishahara lakini haujafika kwenye hazina ya pensheni, makato ya mkopo wa ushirika ambayo pia hayajapelekwa, mkandarasi wa hosteli anayedai, bili ya stima. Ukurasa wa pili ni ombi la kununua mashine za karakana ya uhandisi. Wa tatu ni zabuni ya ulinzi wa lango. Fedha zilizopo hazitoshi hata nusu ya hayo, na mtu lazima aseme kipi kitangulie. Mjumbe anayejua kusoma hesabu atauliza kwa nini makato ya watu yalitumiwa kwingine. Mjumbe aliyeletwa kwa sababu aliongoza misafara ya kampeni atauliza zabuni ya ulinzi inakwenda kwa nani.

Hatusemi hivi ndivyo ilivyo katika kila chuo. Tunasema wanaokaa kwenye viti hivyo ndio wanaoamua swali gani liulizwe.

Nani huwateua?

Sheria inataja watu tisa: mwenyekiti, katibu wa wizara inayosimamia elimu ya vyuo vikuu, katibu wa wizara ya fedha, wajumbe watano, na Makamu wa Chansela ambaye yumo kwa wadhifa wake. Mwenyekiti na wale watano huteuliwa na Waziri wa Elimu. Sheria inataka wajumbe hao wapatikane kupitia utaratibu ulio wazi. Neno lipo kwenye karatasi, lakini mwananchi wa kawaida hana pa kuuona uwazi huo. Majina huchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, na kufikia hapo mambo yamekwisha. Walioomba walikuwa wangapi, waliohojiwa ni nani, aliyeshindwa alishindwa kwa nini, hayo yote hatuambiwi.

Basi kwa sheria ilivyo leo, Bunge linaweza kukataa jina?

Hapana. Tunalisema hili mapema kwa sababu kuna watu wanaotia sahihi wakidhani wabunge wameshapewa kazi hiyo na wameizembea. Hawajapewa. Mawaziri, makatibu wa wizara na mabalozi hupita mbele ya kamati za Bunge, lakini mwenyekiti wa baraza la chuo kikuu, anayesimamia maelfu ya vijana na mali iliyokusanywa kwa vizazi kadhaa, hapiti.

Walicho nacho wabunge ni hiki. Ibara ya 125 ya Katiba inazipa kamati za Bunge uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi. Ibara ya 95 inalipa Bunge la Kitaifa jukumu la kuzisimamia taasisi za serikali. Na ipo Kamati ya Uwekezaji wa Umma inayohusika na utawala na elimu, ambayo hupitia ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu vyuo vikuu. Kwa hiyo mbunge akikwambia mikono yake imefungwa, usikubali.

Utaratibu mnaoutaka utafanyaje kazi?

Hatutaki kubuni kitu kipya. Tayari kuna Sheria ya mwaka 2011 inayoongoza Bunge katika kuidhinisha uteuzi wa maafisa wa umma. Inaitaka kamati itazame mambo matatu: njia iliyotumika kumpata mteule, masharti ya Katiba na sheria kuhusu nafasi yenyewe, na kama mtu huyo anafaa. Pia inamruhusu mwananchi yeyote kumpelekea Karani wa Bunge maelezo ya kiapo, pamoja na ushahidi, kupinga mteule kabla ya kuhojiwa. Mabaraza ya vyuo vikuu yaingizwe humo. Basi.

Mteule wa kisiasa ni nani? Mtu akiwahi kuwa mbunge ndio amekwisha?

Hajakwisha. Mtu aliyewahi kuwa mbunge, akawa pia mhasibu wa kusifika au mhandisi aliyesimamia miradi mikubwa, akaomba kama wengine, akahojiwa na kushinda, tutamkaribisha. Ibara ya 73 ya Katiba inasema viongozi wachaguliwe kwa uadilifu, uwezo na kufaa kwao. Haisemi asiyewahi kugombea.

Tunayempinga ni yule ambaye ukiondoa siasa kwenye wasifu wake habaki na kitu chochote kinachohusiana na chuo. Mwaniaji aliyebwagwa Agosti, akapewa kiti cha baraza ili asinung'unike. Mratibu wa kampeni. Jamaa wa kigogo. Na tunampinga pia anayeshika wadhifa wa chama huku akikaa kwenye baraza. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inamzuia afisa wa umma kuwa kiongozi wa chama, na tunataka Bunge liandike waziwazi kwamba katazo hilo linawahusu wajumbe wa mabaraza ya vyuo.

Mna mfano wowote, au ni hofu tu?

Mifano ipo, na haijafichika.

Januari 2020 baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimtangaza Profesa Stephen Kiama kuwa Makamu wa Chansela. Haikupita muda, Waziri wa Elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, akafuta uteuzi huo na kulivunja baraza lenyewe. Ilibidi mahakama iingilie, na Kiama akarudi ofisini. Jiulize: chuo kikongwe kuliko vyote nchini, chenye baraza kamili kisheria, kilijikuta bila baraza kwa tangazo moja la ofisi moja.

Wa pili unatuchoma zaidi sisi wa Pwani kwa sababu unahusu ardhi. Mwaka 2022 serikali ilitaka sehemu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na uongozi wa chuo ukasita kuiachia. Julai baraza likavunjwa, na Makamu wa Chansela Profesa Paul Wainaina akaondolewa, ingawa baadaye alirudi kazini. Wapo walioona serikali ilikuwa na sababu njema, kwani ardhi ilitakiwa kwa mambo ya afya. Lakini ikiwa baraza linaweza kuvunjwa kwa kusita tu kutoa ardhi, baraza lililojaa watu wenye deni la fadhila kwa aliyewateua litasita vipi? Mombasa hatuhitaji kuelezwa thamani ya kiwanja kilicho karibu na maji. Shule zetu, viwanja vyetu vya michezo na hata makaburi yamekuwa na kesi za unyakuzi. Ardhi ya chuo kikuu isipolindwa na watu wasio na deni kwa mtu, nani atailinda?

Ikiwa ni Waziri aliyevunja mabaraza, Bunge litasaidiaje?

Swali zuri, na ndiyo sababu ombi letu haliishii kwenye kuteua. Tunataka pia sheria iseme kwamba Waziri hawezi kumwondoa mjumbe kabla muda wake kuisha bila kutoa sababu kwa maandishi na kuzifikisha Bungeni. Aliyeingia kwa mlango wa wazi atoke kwa mlango wa wazi.

Si heri mwanasiasa wetu wa Pwani kuliko profesa wa bara?

Hili ndilo tunaloulizwa kuliko yote, na wanaoliuliza hawana nia mbaya. Mzee mmoja Majengo aliuweka mkono juu ya karatasi tusiichukue, akasema, "Mwanangu, sisi tumeachwa nje ya kila kitu. Leo mtoto wa hapa kapata kiti, nyinyi mwataka aondolewe?" Hatukumjibu haraka. Machungu yake ni ya kweli. Watu wa Pwani wameona kazi za bandari, ardhi na vyeo vikienda kwa wengine tangu kabla ya uhuru.

Tulichomwambia baadaye ni hiki. Kiti kikiwa zawadi ya mwanasiasa, mwenye zawadi ndiye mwenye kiti, si Mpwani aliyekalia. Akigombana na aliyempa, kiti kinaondoka, na anayefuata anaweza kutoka popote. Tena Pwani haina upungufu wa watu. Kuna manahodha na wahandisi waliofanya kazi bandarini Kilindini miaka na miaka, madaktari, wanasheria, wakaguzi wa hesabu, walimu wakuu waliostaafu, akina mama wanaoendesha biashara kubwa kutoka Kongowea hadi Mackinnon. Hao ndio wetu. Hawateuliwi kwa sababu hawana aliyewataja kwenye mkutano wa hadhara. Uteuzi wa kisiasa ndio unaowafungia mlango.

Na tumeona njia ya "mtu wa kwetu" inakofika. Septemba 2016 viongozi wa kisiasa wa Eldoret, gavana akiwa mbele, waliandamana hadi Chuo Kikuu cha Moi kudai kaimu Makamu wa Chansela asiye wa jamii ya huko aondolewe. Nchi nzima iliona aibu. Hatutaki siku moja iwe hapa Tudor, kwenye chuo chetu, wala hatutaki profesa Mpwani afanyiwe hivyo akiwa Kisumu au Nyeri.

Kupeleka majina Bungeni si kumpa fisi bucha alinde? Wabunge nao ni wanasiasa.

Ndiyo, ni wanasiasa, na hatari hiyo ipo. Hata nchi zenye utaratibu huu kwa miaka mingi hazijapona. Marekani, vyuo vikuu vya majimbo vina mabaraza ambayo mara nyingi wajumbe wake huteuliwa na gavana, kisha seneti ya jimbo huwathibitisha. Machi 2024 Seneti ya Wisconsin iliwakataa wajumbe wawili walioteuliwa na gavana kwenye baraza la vyuo vikuu vya jimbo hilo, na ugomvi wa vyama ulikuwa nyuma yake. Hapo fisi alikuwa buchani kweli.

Lakini tazama upande wa pili. Januari 2023 gavana wa Florida aliteua wajumbe sita kwa mpigo kwenye baraza la New College, chuo kidogo cha umma mjini Sarasota. Kabla mwezi huo kuisha, rais wa chuo alikuwa ameshaondolewa. Miaka miwili baadaye gavana huyo huyo aliteua watu wapya kwenye baraza la University of West Florida, mjini Pensacola. Safari hii wakazi, wahitimu na wahadhiri walipeleka malalamiko yao kwa maseneta waliotakiwa kuwathibitisha. Mwenyekiti mpya, Scott Yenor, aliachia ngazi Aprili 2025 kabla Seneti haijamthibitisha. Wananchi walipata dirisha la kusemea.

Sisi leo hatuna hata dirisha. Kwa hiyo tunaomba Bunge lipewe nguvu hiyo, lakini kwa masharti. Nafasi zitangazwe. Majina yachujwe kwanza na jopo lenye wahadhiri, wahitimu na wataalamu. Vigezo viandikwe. Mahojiano yawe hadharani, na kila mbunge wa kamati kura yake ijulikane. Mbunge atakayempitisha mtu asiyefaa tutamjua, na uchaguzi wa 2027 si mbali.

Mnaishambulia TUM?

La. Hatuna kesi na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa wala na mtu yeyote aliye kwenye baraza lake. Tunakitaja kwa sababu ni chetu. Kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama taasisi ya elimu kwa Waislamu, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na Mabohora. Mwaka 1966 kikageuzwa taasisi ya ufundi, 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), na 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Wazee wetu wengi waliojifunza umeme na makanika walipita pale. Ombi letu linahusu vyuo vikuu vyote vya umma, Pwani kule Kilifi na Taita Taveta vikiwemo.

Si afadhali sasa kuliko zamani?

Ni afadhali, ndiyo. Wakati wa Rais Moi, yeye mwenyewe alikuwa chansela wa kila chuo kikuu cha umma, na wakuu wa vyuo walikuwa watu wake. Rais Kibaki aliacha desturi hiyo 2003 akateua machansela wengine. Hatua ile ilipigwa na mwanasiasa aliyekubali kupunguza mkono wake mwenyewe. Tunaomba hatua inayofuata.

Mimi ni mzazi wa kawaida. Haya yananihusu vipi?

Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba 17 hadi Novemba 5, siku 49, wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya zamani. Wazazi wa Mombasa walikuwa wameshalipa kodi ya vyumba, vijana wamelala tu. Deni lile lilitegemea pesa za serikali kuu, na hatusemi baraza bora lingeliondoa. Lakini katika mazungumzo ya mishahara, upande wa mwajiri huwakilishwa na jukwaa la pamoja la mabaraza ya vyuo vikuu. Baraza ndilo mwajiri. Ukitaka watu wanaoweza kusimama mbele ya Hazina na kusema, "Pesa hizi mlizikubali, zileteni," huwezi kuwategemea waliopewa kiti na serikali hiyo hiyo kama bahashishi.

Mimi ni mfanyakazi wa chuo. Nikitia sahihi nitapata shida?

Ibara ya 37 ya Katiba inakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka za umma, na Ibara ya 119 inakupa haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga au kubadilisha sheria. Hiyo ndiyo sheria. Lakini tunajua mkubwa mwenye kinyongo ana njia zake, kwa hiyo hatumsukumi mtu. Jina na nambari ya kitambulisho lazima viandikwe, na karatasi zitasomwa. Ukiona bado, mwache mkeo, mumeo au ndugu yako atie. Yake inahesabika sawa na yako.

Kwa nini ombi lenyewe limeandikwa kwa Kiswahili?

Kwa sababu sheria inaruhusu Kiswahili au Kiingereza, na tulitaka kila anayetia sahihi aelewe anachokisaini. Lugha yake ni ya adabu, maana hilo pia ni sharti. Limeeleza kwamba jambo hili haliko mahakamani na kwamba tumeshaiandikia wizara. Tukilifikisha kwa Karani wa Bunge ana siku saba za kulikagua kama limefuata utaratibu, kisha litasomwa na kupelekwa kwenye kamati.

Naweza kujua wajumbe wa baraza la chuo cha mwanangu walipatikanaje?

Unaweza kuuliza, na wana wajibu wa kujibu. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, andika barua kwa wizara au kwa chuo uombe tangazo la nafasi, vigezo vilivyotumika na orodha ya waliohojiwa. Wana siku 21. Wakikunyima au wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tungependa watu wengi wafanye hivi, kila mmoja na barua yake. Ukipata jibu, hata la kukataliwa, weka nakala utuonyeshe.

Nikimpata mbunge wangu nimwambie nini?

Usimpe hotuba, anazisikia kutwa. Muulize maswali matatu ukiwa na mashahidi: Utaunga mkono marekebisho ya sheria, ndiyo au la? Umewahi kumpendekezea Waziri jina la mtu kwa nafasi ya baraza? Jina lisilofaa likiletwa na upande wako, utalipinga? Swali la pili ndilo watakalokwepa, kwa hiyo lirudie. Mombasa ina majimbo sita ya Bunge, na pia yuko mwakilishi wa wanawake na seneta. Wote wanane waulizwe.

Mamangu hajui kuandika, lakini anataka naye ahesabiwe.

Atahesabiwa. Ataweka alama ya dole gumba mbele ya shahidi, na shahidi atatia jina na sahihi yake pembeni. Mje na kitambulisho chake cha asili maana nambari lazima ilingane, na msikate wala kufuta chochote kwenye karatasi; mkikosea mstari, ombeni karatasi nyingine. Kama hawezi kutoka nyumbani, tuambieni mtaa, tutakuja na wino.